Tanki Chini ya Benchi

Yule inspekta alipenda pundamilia kuliko watu. Sisemi hivi kwa uchungu wa mjane tu, ingawa uchungu ninao na sijaupunguza hata robo. Nasema kwa sababu hivyo ndivyo gari la polisi lilivyopata tanki la pili.

Mume wangu alikuwa dereva wa polisi zama za Mwingereza, kwenye kituo kidogo chini ya mlima wa Sekenke, ukishateremka kama unakwenda Shelui. Kituo chenyewe kilikuwa nyumba mbili za bati, chumba kimoja cha mahabusu, mlingoti wa bendera na pikapu moja. Pikapu ile ilitoka kiwandani na tanki lake katikati, chini ya kiti cha dereva, limezungukwa na vyuma vya chesisi pande zote. Petroli yake ilitosha kwenda Singida kwa kazi za serikali. Haikutosha kuzunguka mbuga ya Wembere siku nzima kuwinda pundamilia.

Siku moja petroli ilimwishia inspekta huko mbugani. Alikaa juani tangu asubuhi mpaka alasiri na mnyama wake amevimba nyuma ya gari, nzi wakimtambaa puani, na mume wangu akatembea kwa miguu kwenda kutafuta msaada. Inspekta aliporudi kituoni alikuwa mwekundu kama pilipili. Kesho yake akamwita fundi mmoja wa kuchomelea aliyekuwa akifanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu wa karibu, akamwamuru atengeneze tanki jingine kwa bati la pipa. Fundi akataka kulifunga katikati, karibu na lile la kwanza. Inspekta akakataa, akasema huko katikati litakwaruzwa na mawe ya mbugani. Akaonyesha kwa fimbo yake pale alipotaka: nyuma kabisa, kupita magurudumu, kati ya ekseli na bampa. Juu yake kulikuwa na benchi la mbao walilokalia askari na watu waliokamatwa. Fundi akalifunga hapo kwa mikanda miwili ya chuma, akaenda zake.

Mume wangu hakulipenda tanki lile tangu siku ya kwanza. Jioni tulipokuwa tunakula alichukua kibuyu changu cha maziwa, akakisimamisha kati ya ukuta na kinu.

"Tazama, mama watoto," akasema. "Ukuta huu ndio ekseli. Kinu hiki ndicho lori linalokuja nyuma yangu. Sasa kisukume kinu kidogo tu. Kibuyu kitakwenda wapi?"

"Wewe niachie kibuyu changu," nikamwambia. "Kama unaogopa gari, kamwambie mwenye gari."

Akaenda kumwambia. Alivaa kaptura iliyopigwa pasi vizuri, akapiga saluti, akasema, "Bwana, naomba lile tanki lihamishwe. Gari likigongwa nyuma, waliokaa kwenye benchi hawaponi." Inspekta hakuinua hata macho kutoka kwenye karatasi zake. Akamuuliza, "Wewe dereva au wewe fundi?" Mume wangu akajibu kuwa yeye ni dereva. "Basi endesha," akaambiwa. Karani wa kituo alikuwepo, ndiye aliyenisimulia, kwa maana mume wangu alikuja nyumbani akachukua jembe akaenda shambani na magwanda yake ya kazi.

Sasa nieleze habari ya ngozi, na hapa ndipo wengi wanaposhusha sauti wakinitazama kwa huruma. Nawaambia wasishushe sauti. Naisema mwenyewe.

Barabara yetu wakati wa kiangazi ilikuwa na matuta madogo madogo mfululizo, gari linatetemeka mpaka meno yanagongana. Kabla ya miezi sita kwisha mkanda mmoja wa chuma ulikatika, na wa pili ukaanza kupasuka. Mume wangu akatoa taarifa. Inspekta akasema vyuma vitaagizwa. Tukangoja. Gari likaendelea kwenda mbugani kila Jumamosi na tanki likining'inia kwa mkanda mmoja uliopasuka. Ndipo mume wangu akaniuliza kama bado ninayo ile ngozi ya dume letu lililokufa.

Kwetu Iramba, kitu kikipasuka hukifungi kwa kamba. Mpini wa jembe ukipasuka, kinu kikipata ufa, unakata ngozi mbichi ya ng'ombe mkanda mrefu, unailoweka mpaka ilegee kama utumbo, unazungusha, unakaza kwa meno na kwa goti, kisha unaweka juani. Ikikauka inajikaza yenyewe. Nimeona kinu kilichofungwa hivyo na bibi yangu kikitwangiwa mtama mpaka mama yangu akazeeka. Kazi hiyo niliijua vizuri kuliko wanawake wote wa pale, sijisifu. Jumapili moja nikalala chali chini ya gari la serikali, mume wangu akishika tanki, mimi nikizungusha ngozi na kuvuta. Baada ya siku tatu ukiligonga tanki lile lilikuwa halichezi hata chembe. Mume wangu akacheka kwa furaha, akanipiga piga begani kama vile mimi ni askari mwenzake.

Kila mtoto wa kwetu anajua kuwa ngozi ikilowa hulegea. Tulijua. Lakini tulifunga kiangazi, na kiangazi cha kwetu ni kirefu, mtu anasahau kuwa mbingu zina maji. Mpini wa jembe mvua ikinyesha unauingiza ndani ya nyumba. Gari la polisi halina wa kuliingiza ndani. Hilo hatukulifikiria, wala yeye wala mimi.

Mvua za kwanza zikaja kwa siku nne mfululizo. Siku ya nne mume wangu alitumwa juu ya mlima kumchukua mtu mmoja aliyeshukiwa wizi wa ndama. Akamfunga pingu kwenye benchi, kama ilivyokuwa amri, ufunguo akautia kiunoni, wakateremka. Walipofika chini ya mlima kulikuwa na kundi la ng'ombe linavuka barabara. Akasimama kuwapisha. Nyuma yake likaja lori la pamba, barabara utelezi, breki zimelowa, dereva anakanyaga na lori linakuja tu polepole.

Likagonga. Na ninaomba hapa mnisikilize vizuri, maana hii ndiyo roho ya jambo. Halikugonga kwa nguvu. Kioo cha taa ya lori hakikuvunjika. Juu ya marobota ya pamba kulikuwa na tenga la kuku, na kuku hata mmoja hakuanguka. Ilikuwa ni ajali ya watu kushuka wakatukanana kidogo, wakatazama bampa, wakaendelea na safari. Gari lolote lenye tanki mahali pake lingepata kishimo tu.

Lakini tanki lilibanwa kati ya bampa na ekseli, likapasuka, petroli ikamwagikia bomba la moshi, na gari likawaka. Mume wangu alikuwa ameshatoka. Mlango wake ulifunguka vizuri, alikuwa amesimama barabarani, mzima, hana hata mchubuko. Akamsikia yule mshukiwa anapiga kelele kwenye benchi. Ufunguo ulikuwa kiunoni mwake. Akarudi.

Alimfungua. Yule mtu aliruka akakimbia porini na mguu mmoja umeungua, na baadaye ikajulikana kuwa hata yule ndama hakumwiba yeye. Mume wangu hakuwahi kuruka. Dereva wa lori ndiye aliyemvuta nje akamfunika kwa gunia lililolowa.

Aliishi siku mbili zahanati. Sitaeleza hali yake. Nitaeleza maneno yake tu. Siku ya pili alfajiri aliniita, nikasogeza sikio, akasema, "Mama watoto, niwie radhi. Ngozi ililegea. Sisi wenyewe tumeua gari." Nikamwambia anyamaze, apumzike. Akarudia tena, ngozi ililegea, niwie radhi. Mchana akakata roho. Mume wangu alikufa akiomba radhi kwa kosa lisilokuwa lake, na mtu aliyepaswa kuomba radhi alikuwa ofisini anakunywa chai.

Tulikuwa hatujaondoa matanga inspekta alipoita watu mbele ya kituo kusoma matokeo ya uchunguzi. Uchunguzi aliufanya mwenyewe, akauandika mwenyewe, akausoma mwenyewe. Alishika kipande cha ngozi iliyoungua kwa vidole viwili, amekiweka mbali na pua yake, akasema kwa Kiswahili chake kile cha kuvunja vunja, "Hii ndio naua yeye. Tanki mzuri. Ngozi mbaya. Dereva nafunga gari ya serikali kama jembe." Mtu mmoja akacheka, nami nikamtazama mpaka akameza kicheko chake. Karani akaandika kuwa kosa ni la dereva, amejisababishia kifo na kuharibu mali ya serikali.

Tukatolewa kwenye nyumba ya kituo siku hiyo hiyo, tukahamia kibanda chetu cha shamba. Koti lake la kazi lilichukuliwa, na vifungo vilihesabiwa kwanza. Mwanangu mkubwa akarudi kutoka shule na mdomo umepasuka kwa kupigana, kwa sababu wenzake walimwita mtoto wa ngozi. Nikamwosha mdomo. Pale pale, maji yakiwa bado yana damu, nikala yamini kuwa yule inspekta nitamkalia kooni mpaka mambo mawili yatimie: jina la mume wangu litoke kwenye karatasi ile, na yeye mwenyewe aonje moto. La pili sikumwambia mtu.

Kisha akaja dereva wa lori. Alikuwa mtu wa Shelui, walijuana na mume wangu barabarani, na kila mara aliniita shemeji. Alikuja na mbuzi kama ilivyo desturi, akakaa nje asiingie mpaka nimkaribishe. Nilimwacha juani muda mrefu. Nilipotoka nilitaka kumtukana, lakini alikuwa amekonda, macho yameingia ndani.

"Shemeji," akasema, "nimesikia wanavyosema habari ya ngozi. Si kweli. Bampa yangu iko juu, unaijua. Ilipita juu ya bampa ya pikapu ikagonga pale pale tanki lilipowekwa siku ya kwanza. Ngozi ilipolegea tanki lilishuka chini kidogo, nikaligonga ukingo wa juu tu. Isingelegea, ningeligonga katikati kabisa, na wangewaka kabla sijafungua mlango wangu."

Nikamwomba arudie. Akarudia, akachora kwa kijiti kwenye udongo: bampa yake, benchi, tanki. Nikaufuata mchoro ule kwa kidole. Kumbe ngozi yangu haikuua mtu! Kumbe ilichelewesha moto kidogo, na pengine ndiyo iliyompa mume wangu nafasi ya kufungua pingu. Na yeye hakuyajua hayo. Nililia siku hiyo kuliko siku ya mazishi, na yule dereva akalia pamoja nami, mbuzi wake anakula maua yangu ya maboga.

Nilipomaliza kulia nikamuuliza kama yuko tayari kunilipa kwa kitu kisichokuwa mbuzi. Akasema yuko tayari kwa lolote. Nikamwambia angoje nimwite.

Gari jipya likaletwa kituoni, pikapu ya aina ile ile. Mtadhani inspekta alijifunza. Thubutu! Fundi aliitwa tena, tanki likafungwa nyuma tena, chini ya benchi, mara hii kwa mikanda minne ya chuma kinene. Inspekta akalizunguka, akalipiga teke, akawaambia askari wake, "Sasa hapana ngozi. Sasa salama." Karani akaniletea maneno hayo, na nikamshukuru Mungu kwa kinywa cha mtu yule. Inspekta alikuwa amejifunga mwenyewe.

Kwetu mwanamume akimdhalilisha mwanamke aliyefiwa, wanawake hawaendi kwa jumbe. Hutoka wenyewe. Huenda wakakaa chini palipo na kitu chake, mlangoni au kwenye zizi, asipite, asitoe mifugo, mpaka afanye jambo moja ambalo mwanamke yule anataka. Jambo moja tu, si mawili. Hawamgusi, hawamtukani, wanakaa. Na mwanamume akiwagusa amejiharibia, hata ndugu zake watamkimbia. Niliwaambia wanawake wenzangu, na hakuna aliyeniuliza mara mbili. Tuliambiana siku ambayo Bwana Shauri, yaani yule mkubwa wa wilaya, atakapokuja kwa baraza.

Siku hiyo asubuhi tulikuwa arobaini na zaidi, tumekaa chini kulizunguka lile gari jipya, wengine na watoto mgongoni. Kando yangu alikaa mke wa askari mmoja wa kituo, mwanamke mdogo mwenye mimba ya kwanza, ambaye siku zote za matanga ndiye aliyekuwa ananilazimisha kunywa uji. Inspekta akatoka, akapiga kelele, akatuita majina. Tukaendelea kukaa. Akawaamuru askari watuondoe, na askari wakatazama juu, wakatazama chini, kwa maana nusu yetu tulikuwa mama zao na wake zao. Bwana Shauri alipofika akatukuta hivyo. Alikuwa mzee mwenye kusikiliza, na Kiswahili alikijua vizuri.

"Mnataka nini?" akauliza.

Nikasimama.

"Shikamoo, Bwana. Nataka jambo moja. Bwana inspekta amesema mume wangu aliuawa na ngozi. Amesema tanki ni zuri, na sasa ngozi haipo, kuna vyuma vinne. Basi akae kwenye benchi, juu ya tanki lake. Gari lisimame pale chini ya mlima, mahali pale pale. Lori lile lile literemke nyuma yake kama siku ile. Kama tanki ni salama, ana hofu gani?"

Bwana Shauri akamgeukia inspekta. Wakasemezana kwa Kiingereza. Nilimtazama inspekta usoni nikaona anatabasamu, lakini shingo yake imekuwa na mabaka mekundu. Angekataa mbele ya mkubwa wake, mbele ya askari wake, mbele ya wanawake, angekuwa amejibu. Akakubali. Akasema kwa sauti ili tusikie wote kuwa ni upuuzi, lakini atakaa, na askari wawili watakaa naye kama kawaida ya kazi. Bwana Shauri akamwambia dereva wa lori, ambaye naye alikuwa amekuja barazani, aje taratibu, asimame hatua ishirini nyuma ya pikapu.

Hayo ndiyo aliyoyasikia kila mtu. Sasa niwaambie ambayo hakuyasikia mtu. Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimemwita yule dereva wa lori. Nilimwambia, "Siku ile breki zilikukatalia. Mara hii uzikatae wewe. Lije kama siku ile, lisije kwa nguvu zaidi, kama siku ile tu." Akasema, "Shemeji, nilikuahidi lolote." Akaondoka.

Sikuwa nimewapigia hesabu wale askari wawili. Walipopanda, nikaona mmoja wao ni mume wa yule mwanamke mdogo aliyekaa kando yangu. Mnataka kujua nilifikiri nini? Nilifikiri, potelea mbali. Nilifikiri, hata mimi nilikuwa na mume. Nilikaa kimya, nikatazama.

Dereva mpya wa kituo akaisimamisha pikapu chini ya mlima, akashuka. Sisi wanawake tukajipanga kando ya barabara, Bwana Shauri na karani wakasimama upande wa pili. Lori likatokea kwenye kona ya juu. Askari wawili walikaa wima, wanatazama mbele, bunduki kati ya magoti, kama walivyofundishwa. Inspekta alikaa katikati yao. Mwanzo alitazama mbele kama wao. Kisha akageuka nyuma mara moja. Akageuka mara ya pili, na mara hii hakurudisha shingo. Lori lilikuwa linakuja polepole, linakua, linakua, na lilipofika pale lilipotakiwa kusimama halikusimama.

Inspekta akaruka. Hakuruka kama mtu anayeshuka kwenye gari, aliruka kama mtu aliyekalia nyuki. Kofia ikaenda huku, fimbo kule, akaanguka kifudifudi kwenye tope, akainuka akakimbia mpaka kwenye mtaro. Wanawake wakapiga vigelegele. Loo, nilivyovisikia vigelegele vile! Nilikuwa nimevingoja tangu siku ile nilipomwosha mwanangu mdomo.

Na wale askari wawili walibaki wamekaa. Lori linakuja, mkubwa wao yuko mtaroni anatweta, na wao wamekaa juu ya lile tanki wanatazama mbele, kwa sababu hakuna aliyewaamuru kushuka.

Yule mwanamke mdogo akanishika khanga. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Dada, mbona lori halisimami?"

Nilikimbia. Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka mgongo wangu umegusa bampa ya pikapu, nimenyoosha mikono, na mbele yangu taa mbili na uso wa yule dereva nyuma ya kioo, machozi yanamtiririka. Nikapiga ukelele wa kumtaka asimame. Akakanyaga breki. Lori likateleza kidogo, likasimama, rejeta yake inanipumulia joto kifuani.

Bwana Shauri alivuka barabara taratibu. Hakuniuliza mimi kitu. Alikwenda mpaka mtaroni, akamuuliza inspekta, kwa Kiswahili, ili sote tusikie, "Umeruka kwa nini?" Inspekta akafuta tope mdomoni. "Na hawa wawili," akauliza tena, "mbona hukuwaambia waruke?" Nami nilikuwa nimesimama pale nimeshikilia bampa nisianguke, na swali lile la pili lilinichoma ubavuni nikalisikia likiingia.

Karani akaandikishwa upya palepale, karatasi juu ya boneti: kosa ni la mahali tanki lilipowekwa, dereva hana kosa, alikufa akimwokoa mtu. Akanisomea mara tatu kwa kuwa nilimwomba. Tanki likafunguliwa jioni ile ile, likatupwa nyuma ya kituo, na inspekta akahamishwa kabla ya mwezi kwisha. Wala simsamehi. Kwanza kwa mume wangu. Pili kwa kuwa alinifundisha kuwatazama watu waliokaa kwenye benchi kama alivyowatazama yeye, na nikajifunza haraka, nikafuzu.

Baadaye nilimuuliza dereva wa lori kama kweli angegonga. "Uliniagiza, shemeji," akajibu. Hatukuzungumza tena juu ya jambo hilo mpaka akafa.

Yule mwanamke mdogo alijifungua mtoto wa kike. Wakampa jina langu, kwa sababu niliusimamisha mwili wangu kati ya lori na baba yake. Mtoto yule amekua, sasa ni mama wa watu, na kila akipita hapa hupiga magoti, ananiamkia shikamoo bibi, anawaambia wanawe kuwa bila mimi wasingemjua babu yao. Naitikia marahaba. Nawapa karanga. Na mama yake, ambaye bado ananiletea uji nikiugua, sijawahi kumwambia kuwa lile lori lilitumwa na mimi.